Mjomba alisema amplifaya yake ni rika lake: namba za ndani zinasemaje?

"Shikamoo fundi. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, akaniachia gitaa lake la besi na amplifaya ya Fender Bassman, kichwa cha valvu pamoja na kabati lake lenye spika mbili za inchi 12. Alipenda kusema, 'Hii na mimi ni rika moja,' naye alizaliwa 1968. Dalali anayetaka kunitafutia mteja anasema ni ya 1965, kwa sababu karatasi iliyobandikwa ndani imeandikwa AB165, na anataka tuitangaze hivyo. Rafiki yangu wa bendi anasema paneli ni ya rangi ya fedha, kwa hiyo ni ya miaka ya 1970. Kitambaa cha mbele kimezungushiwa ukanda mwembamba wa alumini. Fundi redio alitufungulia tukanakili namba: transfoma kubwa 606-811, transfoma ya kutolea sauti 606-806, potensiometa karibu zote 137 6629, spika moja 465-748, ya pili 328 7322, na kapasita mbili za bluu zenye 8419. Waya wa umeme una pini mbili, na nyuma pameandikwa volti 117. Binamu yangu anataka tuichomeke tu tuisikie. Ni ya mwaka gani hasa, na tumwamini nani?"

Marahaba, na pole sana kwa kufiwa na mjomba.

Nitaanza na binamu, maana swali la mwaka linaweza kusubiri na yeye hawezi. Mwambie asiichomeke. Kama soketi za nyumbani kwenu zinatoa volti 230, mashine iliyotengenezwa kwa volti 117 itapokea karibu mara mbili ya umeme inaouhitaji. Bahati ikiwepo, fyuzi itakatika. Isipokuwepo, transfoma kubwa itaungua, na transfoma hiyo ndiyo shahidi wako mkuu katika kesi hii yote. Hata ukipata volti zinazofaa, bado usiiwashe. Sababu nitazieleza huko mbele, baada ya kumaliza habari ya umri.

Sasa tuwasikilize hawa watatu. Dalali ameshika karatasi, rafiki ameshika rangi, na mjomba alishika kumbukumbu. Nimezipitia namba zako mara mbili, na ninavyoziona zinamwunga mkono marehemu. Lakini nisingependa uniamini kwa sababu tu nimesema. Ningependa uone jinsi namba hizo zinavyosomwa, ili kesho dalali akija na hoja nyingine uweze kumjibu mwenyewe.

Tuanze na AB165, kwa kuwa ndilo kosa linalowapata watu wengi, wakiwemo mafundi wazuri. Ile karatasi inaonyesha kila valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) inakaa wapi, na namba iliyo juu yake ni jina la mchoro wa saketi. Fender walikuwa wakiipa michoro yao majina yenye tarehe ndani yake: herufi mbili za mwanzo zinaeleza toleo, kisha mwezi, kisha mwaka. AB165 ni toleo la AB la Januari 1965. Kabla yake ulikuwepo AA864, wa Agosti 1964, na baada yake ukaja AC568, wa Mei 1968. Kwa hiyo dalali ameisoma tarehe sawasawa, ila ameibandika mahali pasipo pake. Hiyo ni siku ya kuzaliwa ya mchoro. Fundi cherehani anaweza kukata shati leo kwa kipimo alichokichora miaka mitatu iliyopita, na hakuna atakayesema shati hilo lina miaka mitatu. Mchoro wa AB165 ulitumika kwa miaka kadhaa, na karatasi zake ziliendelea kubandikwa hata kwenye vichwa vya paneli ya fedha. Kwa hiyo karatasi yako inathibitisha jambo moja tu: amplifaya hii haikutengenezwa kabla ya 1965. Dalali ameuchukua mpaka wa chini akaufanya jibu.

Rafiki yako naye ameona kitu cha kweli. Kampuni ya CBS iliinunua Fender mwanzoni mwa 1965, na amplifaya za paneli nyeusi ziliendelea kutoka kiwandani kwa takriban miaka miwili zaidi. Paneli ya fedha yenye maandishi ya bluu ilianza kuonekana karibu na mwisho wa 1967, ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kuwa nyingi tunazokutana nazo ni za miaka ya 1970, watu wamezoea kuona fedha na kusema sabini. Lakini wewe umenitajia jambo ambalo rafiki yako amelipita: ukanda wa alumini unaozunguka kitambaa cha spika. Ukanda huo uliwekwa katika miaka ya mwanzo tu ya paneli ya fedha, hadi karibu 1969, kisha ukaondolewa. Kabla hata hatujagusa namba moja, sura ya nje imeshatuambia kuwa tuko kati ya 1967 na 1969. Ya 1965 ingekuwa na paneli nyeusi. Ya katikati ya miaka ya 1970 isingekuwa na ukanda huo.

Tuje kwenye namba. Viwanda vya vifaa vya elektroniki vya Marekani vilikubaliana, kupitia chama chao, kila kimoja kiwe na namba yake ya utambulisho, na kila kifaa kigongwe namba hiyo ikifuatwa na mwaka na wiki kilipotengenezwa. Tarakimu tatu za mwanzo, kwa kawaida, ni kiwanda. Namba 606 ni Schumacher, waliomtengenezea Fender transfoma nyingi. Namba 137 ni CTS, wa potensiometa (kile kifaa kilicho nyuma ya nobu unayoizungusha). Namba 465 ni Oxford, 328 ni Utah, na 220, ambayo wewe huna, ni Jensen: hao wote ni watengenezaji wa spika. Tarakimu mbili za mwisho ni wiki ya mwaka, kuanzia 01 hadi 52, mara chache 53. Zilizobaki katikati ni mwaka, nazo zinaweza kuwa mbili au moja.

Hapo kwenye tarakimu moja ndipo watu wanapojikwaa. Potensiometa yako, 137 6629, haina utata: CTS, 1966, wiki ya 29, yaani Julai. Lakini transfoma 606-811 inasema Schumacher, mwaka unaoishia na 8, wiki ya 11. Ni 1958, 1968 au 1978? Namba yenyewe haisemi, kwa hiyo inabidi umwulize jirani yake. Sura ya nje imekwisha kuikataa 1958, kwa sababu Bassman ya wakati huo ilikuwa sanduku moja la kitambaa cha rangi ya mchanga lenye spika nne za inchi 10. Ukanda wa alumini umeikataa 1978. Inabaki 1968, wiki ya 11, katikati ya Machi. Transfoma ya kutolea sauti, 606-806, ni ya Februari mwaka huohuo. Spika ya Oxford, 465-748, ni ya wiki ya 48 ya 1967, mwisho wa Novemba. Ukiwahi kupata namba ambayo wiki yake inazidi 53, rudi nyuma: ama umekosea kuisoma, ama si namba ya tarehe kabisa. Transfoma hasa huwa na namba ya pili ya kuagizia kifaa, isiyohusiana na mwaka wowote.

Sasa una tarehe za 1966, 1967, 1968, 1973 na 1984 ndani ya kitu kimoja. Wengi wakifika hapa huchukua tarehe ya zamani kuliko zote, maana moyo unapenda uzee, au hutafuta wastani. Njia zote mbili zinapotosha. Kanuni ni hii: amplifaya haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kifaa chake kichanga kuliko vyote, mradi kifaa hicho kiliwekwa kiwandani. Kiwanda kinaweza kutumia potensiometa iliyokaa stoo miaka miwili. Hakiwezi kutumia transfoma ambayo bado haijatengenezwa. Kwa hiyo vifaa vizee havitwambii mengi. Tunavitafuta vile vichanga, kisha tunauliza swali moja gumu: hiki kilikuja na amplifaya, au kiliingizwa baadaye na fundi?

Potensiometa zako za 1966 ni mfano mzuri wa mzigo wa stoo. Fender walikuwa na akiba kubwa ya potensiometa za mwaka huo, na zimekutwa ndani ya magitaa na amplifaya zilizotengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtu anayesoma potensiometa peke yake angekuambia kwa uhakika mkubwa kuwa amplifaya yako ni ya 1966, na angekuwa amekosea kwa miaka miwili.

Kwa upande mwingine, kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) za bluu za 8419, ambazo zimegongwa mwaka na wiki tu bila namba ya kiwanda, yaani Mei 1984, bila shaka ni za matengenezo. Kapasita za aina hiyo zina kimiminika ndani ambacho hukauka kadiri miaka inavyopita, na fundi mwenye akili huzibadilisha. Mjomba wako alimpelekea mtu amplifaya hii mnamo 1984 au baadaye, na mtu huyo alifanya kazi inayostahili kufanywa. Spika ya Utah, 328 7322, ni ya mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni 1973. Nayo imeingia baadaye, kwa sababu mwenzake ni wa 1967 na wa kiwanda kingine. Besi huchana spika, hilo linatokea sana, hasa kwa mpigaji anayepiga kweli. Tarehe hizo mbili hazibadilishi mwaka wa kuzaliwa. Zinakupa tu historia ya maisha yake mikononi mwa watu.

Ukiviweka kando vifaa vya matengenezo, kifaa kichanga kuliko vyote vilivyobaki ni transfoma kubwa ya wiki ya 11 ya 1968. Kwa hiyo amplifaya hii ilikamilika kiwandani Fullerton, California, si kabla ya katikati ya Machi 1968, na yaelekea ndani ya miezi michache iliyofuata. Mjomba alikuwa anasema kweli.

Naomba nikuonyeshe pia mahali ambapo hoja yangu ingeweza kuvunjika, kwa sababu mnunuzi makini ataigusa hapohapo. Yote yamesimama juu ya transfoma. Je, kama ziliungua zamani, zikabadilishwa kwa nyingine zilizong'olewa kwenye amplifaya ya 1968? Mambo manne yataondoa shaka, na fundi wako anaweza kuyaangalia ndani ya dakika kumi. Kwanza, risasi ya kuchomelea kwenye nyaya za transfoma: ya kiwandani imefifia, ina utando wa miaka, na inafanana na ya viungo vingine vyote. Iliyochomelewa upya hung'aa au huwa na donge kubwa. Pili, nyaya zenyewe: zinatakiwa zipite kwenye mashimo yake na kufika zinapokwenda bila kuungwa katikati. Tatu, chini ya nati za transfoma pawe na alama moja tu ya mkandamizo kwenye chuma. Nne, na hili umeshalithibitisha bila kujua, transfoma mbili zinapokubaliana kwa tofauti ya wiki tano tu, si rahisi hata kidogo kuwa ziliokotwa kila moja kwake. Ingekuwa moja ni ya 1968 na nyingine ya 1975, ningekuwa ninaandika barua tofauti.

Umeniuliza pia, bila kuandika, kwa nini sijataja namba ya mfululizo iliyogongwa kwenye chesisi, lile sanduku la chuma linalobeba vifaa vya ndani. Sikuitaja kwa sababu si shahidi wa kutegemewa sana. Chesisi zilitobolewa namba mapema, zikawekwa pamoja, na wafanyakazi walichukua iliyo karibu. Majedwali unayoyaona yamejengwa na watu waliokusanya namba nyingi za amplifaya zilizokwisha kujulikana tarehe zake, kisha wakakadiria zilizo katikati. Yanasaidia kukubali au kutilia shaka. Usiyafanye msingi.

Karatasi ya valvu nayo ingeweza kuwa na neno zaidi. Kwa miaka mingi Fender waliigonga mhuri wa herufi mbili: ya kwanza mwaka, ya pili mwezi. Herufi A ilikuwa 1951, B 1952, na kuendelea hivyo hadi Q, 1967. Kwa miezi, A ni Januari na L ni Desemba. Kwa hiyo NH ni Agosti 1964. Kufikia wakati wa amplifaya yako mhuri huo ulikuwa unaelekea kuachwa, kwa hiyo usihuzunike ukikosa. Ila tazama kwa tochi, ukiimulika kutoka pembeni, na usiiguse. Miaka mingi iliyopita niliipangusa karatasi ya mteja kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili niisome vizuri. Wino ukaondoka na vumbi mbele ya macho yangu. Nilimweleza mwenyewe, akanisamehe, lakini ushahidi ule haukurudi, na hadi leo sisafishi chochote kabla ya kupiga picha.

Kwa faida ya wengine watakaosoma na ambao hawana Fender: kanuni ni ileile, mashahidi ndio wanaobadilika. Ukiwa na Ampeg, soma kibati cha nyuma uone jina la mwenye kampuni, kwa kuwa kampuni hiyo iliuzwa mara kadhaa. Jina la Magnavox, kwa mfano, halikuwepo kabla ya 1971. Ampeg B-15 ilianza 1960 na SVT ya wati 300 ilianza 1969, na SVT za mwanzo kabisa zilitumia valvu za kutolea nguvu za 6146 kabla ya kuhamia 6550. Kwa Marshall, paneli ya plastiki ya rangi ya dhahabu iliachwa 1969 na nafasi yake ikachukuliwa na ya chuma, na kuanzia wakati huo namba ya mfululizo inabeba herufi ya mwaka: C ni 1971, D ni 1972, J ni 1977. Na kwa kuwa tumewataja Marshall, mpigaji besi yeyote afurahi kujua kuwa amplifaya yao ya kwanza, JTM45 ya 1962, ilijengwa kwa kuifuata Bassman ya Fender. Nusu ya kelele za roki duniani zimetokana na sanduku lililobuniwa kwa ajili ya besi.

Amplifaya za transista, ambazo watu huzidharau bila haki, mara nyingi ni rahisi zaidi. Transista na chipu hugongwa tarakimu nne, mwaka kisha wiki: 7624 ni wiki ya 24 ya 1976. Jihadhari na mtego mmoja: 7812 na 7815 ni majina ya vifaa vya kudhibiti volti, si wiki ya 12 wala ya 15 ya 1978. Nimeona amplifaya ya miaka ya 1990 ikitangazwa kuwa ya 1978 kwa kosa hilo. Zipo pia alama za nje zinazokata mzizi wa fitina kwa haraka. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baadaye. Alama ya CE inaashiria miaka ya 1990 na kuendelea, na pipa la taka lililokatwa msalaba ni la 2005 na kuendelea. Waya wa umeme wa Uingereza wenye rangi nyekundu, nyeusi na kijani ni wa kabla ya mabadiliko ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalipoingia kahawia, bluu na kijani chenye mstari wa njano. Ila waya ndio kitu cha kwanza kubadilishwa, kwa hiyo usiupe uzito mwingi.

Turudi kwenye waya wako wa pini mbili, maana hapa hatuzungumzii tena bei wala historia.

Amplifaya nyingi za Marekani za enzi hizo zilitoka bila waya wa ethi. Badala yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande mmoja wa umeme wa ukutani na chesisi, kupitia swichi ya nyuma, ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikichoka na kupitisha umeme moja kwa moja, chesisi yote inakuwa na umeme wa ukutani. Waya wa gitaa umeungwa kwenye chesisi, na nyuzi za besi zimeungwa kwenye waya huo. Mpigaji anashika nyuzi hajisikii kitu, kisha anasogeza midomo kwenye maikrofoni iliyoungwa ethi ya mashine nyingine, na mwili wake ndio unaokuwa njia. Watu wamepoteza maisha hivyo. Tiba yake ni rahisi na haipunguzi thamani mbele ya mnunuzi yeyote anayejua kazi: fundi anaweka waya wa nyaya tatu wenye ethi iliyofungwa vizuri kwenye chesisi, na anaitoa kapasita hiyo. Hii ifanywe hata kama umeamua kutoipiga kamwe, kwa sababu siku moja mtu mwingine ataiwasha.

La pili ni kapasita za kuhifadhi umeme. Zile za 1984 sasa nazo ni wazee. Zinaweza kuvuja na kuharibu transfoma iliyodumu tangu 1968. Tena zinashika zaidi ya volti 400, na zinaweza kuendelea kuzishika hata baada ya waya kuchomolewa. Nimefurahi kwamba hamkuifungua wenyewe, lakini mwulize yule fundi redio kama alizitoa chaji kabla ya kuingiza mkono. Akisita kujibu, mshukuru na utafute mwingine. Unahitaji mtu aliyezoea valvu, atakayeiwasha polepole kwa kupandisha volti kidogo kidogo, spika ikiwa imeungwa, na kupima kabla ya kuamini.

Kuhusu volti 117, utahitaji transfoma ya kushusha umeme isiyopungua wati 300. Ufahamu pia kwamba inashusha volti tu, haibadilishi masafa. Kama umeme wako ni wa hezi 50, transfoma iliyobuniwa kwa 60 peke yake itapata joto zaidi ya kawaida. Fundi aipime joto baada ya nusu saa ya kazi, kisha aamue kama inafaa kupigwa saa nyingi. Mjomba wako inaonekana aliipiga kwa miaka, kwa hiyo ipo njia aliyotumia. Uliza nyumbani kama kuna sanduku zito la chuma lenye soketi ambalo hakuna anayejua lilikuwa la nini.

Sasa dalali. Amplifaya za paneli nyeusi kwa kawaida huuzwa ghali kuliko za paneli ya fedha, na hapo ndipo inapotoka hamu yake ya 1965. Sitaki kumdhania mabaya, pengine anaamini anachosema. Lakini mnunuzi wa vitu hivi hufungua nyuma kabla ya kulipa, na akikuta 606-811 ataacha kuamini kila neno lingine mlilomwambia, hata yale ya kweli. Ukiamua kuuza, andika hivi: "Fender Bassman ya 1968, tarehe za transfoma Februari na Machi 1968, ukanda wa alumini upo, spika moja ya Oxford ya awali na moja ya Utah ya 1973, kapasita zilibadilishwa mnamo 1984 au baadaye." Tangazo hilo linavuta watu makini, na halitakurudisha kwenye ugomvi.

Kama swali lako la chini kabisa ni iwapo uuze au ubaki nayo, hapo naona una uhuru, kwa kuwa mwaka wake wa kuzaliwa hautabadilika. Mimi ningeitengeneza kwanza, niipige mwezi mmoja, ndipo niamue. Amplifaya iliyopimwa na inayolia hupata bei nzuri kuliko iliyokaa kimya, na huenda ukaisikia ukabadili mawazo.

Neno moja kwa fundi utakayempata: kila anachokitoa akuwekee kwenye mfuko, akukabidhi, hata kapasita iliyooza. Na kabla hajagusa chochote apige picha ndani ya chesisi, hasa pembeni. Wafanyakazi wa Fender walikuwa na desturi ya kubandika kipande cha utepe wa karatasi chenye jina la aliyefunga nyaya, limeandikwa kwa mkono. Si kila utepe umebaki. Kama wako upo, utasoma jina la mtu aliyeketi mezani na amplifaya hii mwaka mjomba wako alipozaliwa. Ukiupata, nitumie picha.